Upepo wa kurudia nyumbani



Kwenye kipindi cha safari za wikiendi nilitaja juu juu tu kwamba gari langu lina pampu ya upepo iliyofungwa humo humo garini. Basi meseji zilizokuja hazikuuliza habari ya mchanga wala ya nyota za usiku. Zote zilikuwa: pampu gani, bei gani, umeifunga wapi, na hii zaidi kutoka kwa wanaume, "umechagua mwenyewe?" Ndiyo, nimechagua mwenyewe. Leo naandika kwa kirefu, maana jibu halienei kwenye meseji, na kwangu mie jambo hili halikuwa la gari tu.

Kwa wale mlio London au Toronto ambao hamjui mambo ya huku. Mchanga wa Sharqiya, ambao wazee bado wanauita Wahiba, uko mwendo wa kama kilomita 200 kutoka Maskati. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 12,500, yaani Unguja ingeingia humo mara saba na nafasi ikabaki. Huwezi kuingia na matairi yaliyojaa. Tairi lililojaa ni gumu, linakata mchanga na kujichimbia. Ukilipunguza upepo linalala chini, linajitandaza, na gari linapita juu juu. Gari langu barabarani linataka psi 33. Mchangani nalishusha mpaka 15, na pakiwa laini sana 12. Chini ya 10 mie siendi, kwa sababu ukikata kona tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu.

Kutoa upepo ni kazi ya mtoto. Unachutama, unafungua, unasikia fsss, umemaliza. Shughuli iko kwenye kuurudisha. Ukipanda lami na psi 15 ukaanza kukimbia, ubavu wa tairi unajikunja na kujikunjua kila linapozunguka, unapata moto ndani kwa ndani, na mwisho linapasuka. Barabara kuu zetu zinaruhusu kilomita 120 kwa saa. Tairi likipasuka kwa mwendo huo na watu saba garini, hapana hadithi ya kusimulia baadaye.

Kwa hiyo kila safari ya mchangani ina kituo cha lazima: pale mchanga unapokutana na lami. Hapo ndipo unapojua gari lako lina pampu gani, na hapo ndipo mie nilipochoka.

Foleni ya kungoja upepo

Kwetu tunakwenda magari manne, matano. Baba ndiye aliyetufundisha sote kuendesha mchangani. Amezaliwa Ng'ambo, Unguja, akaja Oman miaka ya 70 akiwa kijana, na mchanga aliujua ukubwani kama sisi wengine tunavyojua kuogelea. Sasa macho yake hayamruhusu kuendesha, na gari la nyumba naendesha mie. Ndani yake wanapanda Baba, Mama, shangazi yangu, na watoto wa dada.

Pampu nzuri ilikuwa kwa binamu yangu. Utaratibu ukawa wenyewe tu, hakuna aliyeupanga: akimaliza gari lake anakwenda la ami, kisha la kaka, kisha la rafiki aliyekuja naye, halafu ndo letu. Si kwa ubaya. Ni kwamba gari lenye wanawake na wazee linadhaniwa lina subira.

Ijumaa moja tumetoka mchangani jua linazama. Pampu ya binamu ilikuwa imeshajaza magari matatu, ikapata moto, ikajizima. Pampu hizi zina kizimio cha ndani: joto likizidi inakata yenyewe mpaka ipoe, na kupoa jioni ya mwezi wa nane huku kwetu si dakika mbili. Giza likaingia. Malori yanapita, kila moja likipita gari linatikisika. Mama ana sukari, anatakiwa ale kwa wakati, na kapu la chakula lilikuwa kwenye gari lililotangulia. Kaka akaja dirishani: "Twende hivo hivo, polepole tu, tutajaza sheli ya mbele."

Nikakataa. Ami akasema ninawachelewesha watu. Nikakataa tena. Tulikaa pale saa nzima na zaidi, Mama akala tende za watoto, na mpaka tunafika Maskati hakuna aliyezungumza garini isipokuwa shangazi, aliyeuliza mara moja tu: "Sasa upepo nao ni wa kuomba?"

Lile swali ndilo lililoninunulia pampu.

Hesabu kwanza, duka baadaye

Dukani watakuonyesha picha, watakwambia "hii kali, hii ya Australia, hii ya Marekani." Usianze huko. Anza na hesabu, si ngumu.

Tairi la gari kama langu, lile la 265/65 rimu ya 17, ndani yake mna nafasi ya kama lita 70. Kulitoa psi 15 kulipeleka 33 ni kuongeza psi 18. Upepo wa kawaida unaotuzunguka una mgandamizo wa kama psi 14.7. Gawa 18 kwa 14.7, zidisha kwa 70: unapata kama lita 86 za upepo wa nje kwa tairi moja. Matairi manne, kama lita 340. Hiyo ndiyo namba yako. Kila pampu unayoonyeshwa, iulize: wewe lita 340 utazimaliza kwa dakika ngapi?

Na uangalie kitu kimoja. Lita zilizoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni za pampu inayopuliza hewani bila kizuizi. Ikishasukuma dhidi ya tairi lenye psi 25, kasi inashuka. Tafuta kipimo cha lita kwa dakika pampu ikiwa chini ya mzigo, tuseme psi 30.

Sasa tuzipange.

Ile ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara. Tundu lile kwa kawaida lina fyuzi ya ampea 10 mpaka 20, kwa hiyo hata mwenye pampu akitaka kuiongezea nguvu, umeme hautoshi. Ikikupa lita 10 kwa dakika chini ya mzigo, lita 340 ni dakika 34, bila kuhesabu mapumziko ya kupoa. Gari moja tu hilo.

Ya kubeba mkononi inayobanwa moja kwa moja kwenye betri. Hii ni nyingine kabisa. Inavuta ampea 30 na kuendelea, kwa hiyo injini lazima iwe inawaka. Nzuri inakupa kama lita 35 chini ya mzigo, na gari zima unalimaliza kwa dakika kumi. Kwa mtu anayekwenda mchangani mara tatu kwa mwaka, ninamwambia anunue hii na asome kitu kingine. Tabu yake ni kufungua boneti, kubana vibanio, kutandaza mpira, kisha kukunja vyote vikiwa na mchanga. Na ikishakaa kwenye begi, siku moja begi litabaki nyumbani.

Ya umeme iliyofungwa garini. Ina waya wake mnene, swichi yake, sehemu yake. Zenye silinda moja hazipishani sana na ile ya betri. Zenye silinda mbili zinaweza kukupa lita 100 na zaidi chini ya mzigo: dakika tatu na nusu kwa gari zima, ukiacha muda wa kuhama tairi hadi tairi. Zinavuta ampea 50 na ushei. Na kama gari lako lina difu inayojifunga kwa upepo, pampu hiyo hiyo inaifanyia kazi.

Ya kuendeshwa na injini kwa mkanda. Mafundi wa zamani walikuwa wanachukua kompresa ya kiyoyozi, wanaigeuza iwe ya upepo. Hii haichoki, inapuliza kutwa. Lakini inataka nafasi chini ya boneti, na magari ya siku hizi hayana nafasi hata ya kupitisha kidole. Tena inataka mafuta ya kuilainisha, na mafuta hayo yasipochujwa yanakwenda na upepo mpaka ndani ya tairi. Binamu aliipenda hii. Mie nilimwambia huo ni mradi, na mie nilikuwa nataka pampu.

Mtungi wa gesi ya kaboni dayoksaidi. Huu una raha yake: hakuna kelele, hakuna umeme, tairi linajaa chini ya dakika moja. Kilo moja ya gesi inatoa zaidi ya lita 500, kwa hiyo mtungi wa kilo 4.5 unajaza magari sita hivi. Ila fikiria tunakoishi. Gesi ile inakaa kama maji ndani ya mtungi mpaka nyuzi 31. Ikipita hapo haiwezi tena kuwa maji hata uigandamize vipi, na joto likiendelea kupanda, mgandamizo nao unapanda kwa kasi. Ndani ya gari lililofungwa juani mwezi wa sita joto linapita nyuzi 60. Mtungi una kizibo cha usalama kinachopasuka kuachia gesi, na gesi hiyo ikijaa ndani ya gari lililofungwa watu watakosa hewa. Kwa nchi ya baridi, sawa. Mie nyuma yangu wanakaa watoto.

Na wapo watakaokwambia: pampu ya nini, si kuna maduka? Kweli, ukitokea Bidiya utakuta vijana wa matairi wanakujazia kwa pesa kidogo. Mabango yao yameandikwa "banchar," na Mama kila tukipita anacheka, maana ni pancha ile ile ya kwetu, Waarabu wameivalisha kanzu. Lakini nenda Khaluf, kwenye mchanga mweupe wa pwani ya Al Wusta. Au toka Bidiya saa nne usiku. Duka la mtu si mpango wako.

Tangi linavyodanganya

Hapa naomba mnisikilize, kwa sababu wengi wanalipia kitu hiki bila sababu. Muuzaji atakwambia ongeza tangi la upepo, utajaza haraka. Tupige hesabu. Tangi la lita 10 lililojazwa psi 150, likishuka mpaka 33, linakuwa limetoa kama lita 80. Hata tairi moja halijaisha. Baada ya hapo unangojea pampu ile ile ilijaze tangi tena. Tangi lina kazi yake: kurudisha tairi lililochomoka kwenye rimu kunahitaji upepo mwingi kwa mkupuo, na vifaa vya gereji vya upepo vinalihitaji. Kwa kujaza matairi manne, weka pesa yako kwenye pampu.

Riali na Baba

Nilichagua ya silinda mbili, ya kufunga. Bei yake ilikuwa zaidi ya mara kumi ya ile ndogo ya tundu la sigara. Baba aliposikia akavua miwani.

"Mwanangu, upepo Mungu anautoa bure. Wewe unataka kuulipia?"

"Silipii upepo, Baba. Nalipia dakika."

Akanyamaza. Halafu akauliza swali ambalo hakuna muuzaji aliyeniuliza: "Utaweza kuitumia peke yako, usiku, bila ya mtu kukushikia taa?"

Nikaona kumbe hicho ndicho kipimo chenyewe. Lita kwa dakika zina maana, ampea zina maana, lakini pampu ambayo lazima mwanamme fulani awepo ndo ifanye kazi, kwetu si pampu. Ni ile foleni ya zamani iliyopakwa rangi mpya. Sisi tuliokulia huku tunajisifu kwamba tumesoma, tunaendesha, tunalipa kodi za nyumba. Halafu ukifika ukingo wa mchanga unakaa garini na kusubiri uitwe. Simlaumu binamu, ametusaidia miaka. Lakini msaada usiokuwa na mbadala unakuwa mamlaka, hata mwenyewe asipotaka.

Kufunga

Gereji niliyokwenda, fundi mkuu ni mtu wa Kerala, hodari. Nimekwenda na mdogo wangu wa kiume wa miaka kumi na tisa, asiyejua hata boneti inafunguliwa wapi. Fundi akawa anamweleza yeye. Mdogo wangu naye kila akiulizwa ananitazama mie. Baada ya swali la tatu fundi akageuka, akacheka, tukaendelea vizuri.

Mambo niliyoshikilia ni haya, na mnaweza kuyanakili:

Isifungwe karibu na injini. Wengi wanaiweka huko kwa sababu waya unakuwa mfupi. Kwenye nchi ya baridi ni sawa, lakini huku pampu inaanza kazi ikiwa tayari imepikwa, na kizimio chake kitakata mapema. Yangu iko nyuma, pembeni mwa sehemu ya mizigo, penye nafasi ya kupumua.

Mdomo wa kuvuta hewa uwe juu, na uwe na chujio unaloweza kulitoa na kulisafisha. Vumbi la mchanga linaua pampu kuliko miaka, na ukivuka wadi lenye maji hutaki ivute maji.

Waya uwe mnene. Ampea 50 kutoka betri mpaka nyuma ya gari kwenye waya mwembamba, umeme unapungua njiani, waya unapata moto, na pampu inafanya kazi kwa shida. Yangu nilitaka shaba ya milimita 16 za mraba. Fyuzi ikae karibu na betri, siyo karibu na pampu, maana inaulinda waya wote, na waya ukichubuka katikati pasipo fyuzi nyuma yake ni moto. Fundi wa kwanza niliyemwendea, kwengine, alitaka kutumia waya wa spika. Nilimuaga.

Swichi ifanye kazi injini ikiwaka tu, ili asitokee mtu akamaliza betri.

Mwisho, mpira wenye midomo minne. Unafunga kila mdomo kwenye tairi lake, unawasha, yote yanajaa pamoja. Hauongezi kasi, lita ni zile zile 340. Lakini unachutama mara nne tu za kufunga na nne za kufungua, huko katikati umesimama mbali na barabara, na matairi yote yanatoka na kipimo kimoja. Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame, lakini hawakusema ainame nusu saa pembeni mwa malori.

Kumbuka pia kwamba tairi lililotoka mchangani lina moto. Kila nyuzi tano au sita za joto zinapanda kama psi moja. Ukijaza 33 jioni tairi likiwa la moto, asubuhi likipoa litasoma chini kidogo. Kwa hiyo pima tena asubuhi kabla ya kutoka, na geji yako mwenyewe, siyo ya pampu peke yake.

Na ile ndogo ya tundu la sigara usiitupe. Yangu iko chini ya kiti. Kitu kilichofungwa kwa waya na fyuzi kinaweza kugoma, na dakika 34 ni bora kuliko kulala njiani.

Sasa hivi tunavyofanya

Tukifika lami, kazi imegawanyika. Mie na mtoto mkubwa wa dada tunafunga midomo. Shangazi anawasha swichi, na hamruhusu mtu mwengine aiguse. Mama anashika geji, anasoma kwa sauti: "Ishirini... ishirini na sita... thelathini na tatu, basi!" Baba anasimama upande wa barabara na kurunzi, anawaonyesha malori kwamba kuna watu. Kuanzia kusimama mpaka kuondoka, kama dakika nane.

Safari iliyopita gari la ami lilikuwa nyuma yetu. Akaja na kuuliza, kwa adabu kabisa, kama anaweza kutumia mpira tukimaliza. Shangazi akamwambia, "Karibu ami yao, upepo upo." Hakusema zaidi, na hakukuwa na haja.

Kwa hiyo mkiniuliza pampu gani, nitawajibu kwa maswali matatu. Mchangani unakwenda mara ngapi kwa mwaka? Nani anakaa garini wakati unajaza? Na ukiwa peke yako, gizani, utaimaliza kazi kwa dakika ngapi? Kama majibu yanaelekea ile ya betri ya kubeba, nunua hiyo na usimwonee mtu haya. Kama unabeba wazee na watoto kila mwezi, funga ya silinda mbili na ulipie waya mnene.

Nyinyi wa Dubai na Doha, na hata wale mnaopeleka magari kwenye theluji na matope huko mliko, niandikieni mnafanyaje. Hasa kina dada. Najua mpo.